Gari la zamani lenye umeme wa vyanzo viwili: usianzie kwenye injini

Leo natoka kidogo kwenye banda la kuku, ila sitaenda mbali, kwa sababu mwisho wa habari hii ni kichupa cha chanjo ambacho lazima kifike kijijini kikiwa bado na ubaridi.

Wengi wenu mmeniona vijiji vya Ikungi, hapa Singida, nimepanda HiAce nyeupe yenye kitanda na kabati ndani. Gari ni la shemeji yangu, anayeuza vifaranga, vyombo vya maji na dawa za mifugo kwenye minada. Ni HiAce ya miaka ya tisini, injini ya dizeli ya 3L, na aliwakuta wenyewe wameshaigeuza nyumba ya safari: kitanda cha kukunja, sinki, taa, na friji ndogo ya volti 12. Mimi natembea na pikipiki ya kazi, lakini siku za chanjo tunakwenda pamoja. Mnaniuliza swali lile lile kila mara: je, gari kuukuu kama lile linaweza kufanywa haibridi?

Inategemea unamaanisha nini. Kama unamaanisha mfano wa Prius, ambayo Toyota walianza kuiuza Japani mwaka 1997, pale injini, mota za umeme na giaboksi vilibuniwa tangu mwanzo vifanye kazi kama kitu kimoja, na kompyuta ndiyo inayoamua nani asukume lini. Si kitu cha kufungia juu ya gari lililokwisha kutengenezwa. Arusha na Nairobi wapo mafundi waliobadilisha magari ya kupeleka watalii mbugani, lakini wale wanatoa injini kabisa na kuweka umeme mtupu, na wanaanza na betri kubwa mno. Hiyo ni biashara nyingine.

Shemeji alikuwa na pesa ya alizeti ya misimu miwili. Fundi mmoja mjini akamwambia atamfungia mota kwenye magurudumu ya nyuma, betri chini ya kitanda, sola juu ya keria, na mafuta atayasahau. Nikamwambia, shemeji, kabla hujauziwa mbuzi kwenye gunia, tuandike hesabu.

Hesabu yenyewe ni fupi, nawe ifanye kwa gari lako. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja, au cha wati 100 saa kumi. Juu ya HiAce, ukiacha nafasi ya mizigo, tuliweza kupata nafasi ya paneli za wati 300. Kwa jua letu, chukua saa tano za jua kamili kwa siku, toa kama thuluthi kwa ajili ya joto, vumbi na paneli kulala bapa bila kuelekezwa juani. Unabaki na uniti moja hivi kwa siku.

Gari la tani mbili likisukumwa kwa umeme linakula karibu uniti moja kwa kila kilomita nne. Kwa hiyo jua la siku nzima lingempeleka shemeji kilomita nne! Kwa dizeli hiyo haifiki hata nusu lita. Sasa chukua uniti ile ile uipe friji. Friji yake ina kompresa ya wati 50 hivi, ambayo kwa joto letu huwaka karibu nusu ya muda. Kwa saa 24 inakula kama wati-saa 600. Ongeza taa tatu za LED, simu na feni ndogo usiku, bado hujamaliza uniti. Jua lile lisiloweza kulifikisha gari hata mnada wa jirani linatunza chanjo mchana na usiku. Shemeji aliitazama ile karatasi kwa muda, akaikunja akaitia mfukoni. Kwa fundi hakurudi.

Kuna la kadi pia. Kadi ya gari imeandikwa injini na aina ya mafuta. Ukibadilisha kinachosukuma gari, TRA na watu wa bima wanatakiwa kujua. Ukiongeza umeme wa nyumba ya ndani, injini inabaki ile ile.

Basi haibridi tuliyofanya ni hii: dizeli iendeshe gari, na nyumba iwe na betri yake inayojazwa na vyanzo viwili, jua na altaneta. Kabla ya hapo friji ilikuwa imeunganishwa kwenye betri ya stata. Asubuhi moja gari liligoma kuwaka kijijini, na injini ya dizeli haina huruma, inataka umeme mwingi kuizungusha. Vijana kumi walilisukuma kwenye mchanga huku chanjo ya Gumboro ikiwa ndani. Chanjo ya mdondo ya I-2 huvumilia joto kwa muda, ndiyo maana tunaipenda vijijini. Ya Gumboro na ya ndui zinataka nyuzi 2 hadi 8 muda wote, na iliyoharibika huwezi kuijua kwa macho. Utamchanja kuku wa mama mjane, utachukua pesa yake, na baada ya wiki chache kuku watakufa.

Betri tuliyochukua ni ya lithiamu fosfeti, ampea-saa 100, kilo kumi na kitu. Za asidi zenye kazi sawa zingezidi kilo 50, maana hizo usizitumie zaidi ya nusu ukitaka zidumu, tena hutoa gesi inayoweza kulipuka, na watu wanalala humo humo.

Hapa naomba uwe makini. Usiruhusu fundi aunganishe betri ya lithiamu moja kwa moja na altaneta ya zamani. Lithiamu humeza umeme wote inaopewa, altaneta inachemka mpaka inaungua. Weka kati yao chaja ya betri kwa betri, isiyozidi nusu ya uwezo wa altaneta. Soma kibao chake. Yetu ni ya ampea 30, na saa mbili za barabarani zinarudisha zaidi ya nusu uniti. Hiyo ndiyo inayotuokoa Januari, mawingu yanapokaa siku tatu. Waya wake uwe mnene, milimita 16 za mraba, na fyuzi mbili, kila moja jirani kabisa na betri yake, kwa sababu umeme unaweza kutoka pande zote. Volti 12 haikurushi kama ya ukutani, ila waya mwembamba usio na fyuzi unawasha godoro.

Ndani ya friji tuliweka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini. Mimi hutazama zaidi cha chini, kwani chanjo zilizouawa zikiganda zimeharibika sawa na zilizopata joto.

Sasa shemeji anataka birika la umeme. La wati 1,500 linavuta zaidi ya ampea 120 kwenye volti 12, na betri yake hairuhusu zaidi ya 100. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unabaki pale pale, upande wa mlango, mbali na betri.