Twende bondeni, ulikotoka mchicha wako

Kama wikiendi hii wewe na mwenzi wako hamna hela ya boti ya kwenda Mbudya, nina matembezi ya bure kabisa: bonde la Msimbazi, hapa hapa Dar es Salaam. Viatu vyeupe viacheni nyumbani.

Nendeni asubuhi na mapema, upande wa Kigogo au Vingunguti. Mtakuta matuta ya mchicha, matembele na chainizi yakishuka hadi karibu na mto, na wakulima wakimwagilia kwa keni, moja kila mkono. Mchuuzi hapa hanunui fungu. Ananunua tuta zima, anang'oa, anafunga, anawahi sokoni. Mchicha hauna subira, bwana. Ndani ya mwezi mmoja uko tayari, na ukivunwa asubuhi, jioni umeshanyauka. Ndiyo maana unalimwa mjini. Watafiti wa miaka ya 1990 walikadiria kwamba hadi asilimia 90 ya mboga za majani kwenye masoko ya Dar zilitoka kwenye viwanja na bustani za humu humu jijini.

Lililobaki pua zenu zitawaambia. Mto huu unatoka vilima vya Pugu, halafu njiani unapokea maji ya viwandani, ya machinjio na ya vyoo. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti kuhusu mboga za kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi: walikuta madini ya risasi na kadimi kwa viwango vya kutia wasiwasi. Na usijidanganye na maji ya chumvi. Kuosha kunatoa vumbi na baadhi ya vijidudu, siyo metali iliyokwisha kuingia ndani ya jani.

Eti dawa ni kuwafukuza wakulima! Mimi siafiki. Mradi wa bonde uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022 una daraja jipya la Jangwani na bustani ya mapumziko; vizuri, maana mafuriko pale yameshaua watu. Lakini mchicha ukianza kuja kwa lori kutoka mbali, nauli yake atailipa mama wa Manzese anayenunua fungu moja kwa siku. Kumhamisha mwenye keni ni rahisi. Kazi ni kumbana anayefungulia bomba la maji machafu usiku.

Mkirudi, piteni sokoni, na kabla ya kulipa mwulizeni muuzaji: huu umemwagiliwa maji ya kisima, ya bomba, au ya mto?