Sauti Ipo, Picha Hakuna

Video ikikataa kucheza kwenye hifadhi ya mtandaoni, watu wengi hufanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Wanalaumu bando. Wanazima data na kuiwasha tena. Halafu wanatuma linki kwa yule mtu wa ukoo anayeshinda na laptopu, na neno moja tu: "Imekataa."

Kwetu mtu huyo ni mimi. Nimeshatibu video za harusi, za mahafali, hata moja ya mbuzi aliyezaa pacha watatu. Zote hizo zingeweza kungoja. Ya mwaka huu haikuweza, kwa sababu ilikuwa ya mazishi ya nyanya, na aliyekuwa akiingojea ni bintiye.

Shangazi anafanya kazi ya nyumbani Doha. Nyanya alipofariki, wenye nyumba walimpa pole na pesa kidogo, lakini ruhusa hawakumpa. Tulimzika nyanya Jumamosi, Wundanyi, karibu na mparachichi wake. Tulikuwa tumepanga shangazi afuate mazishi moja kwa moja kwa simu, lakini mtandao kule mlimani ulikuwa unakuja na kwenda, tukaachana nao. Binamu yangu akarekodi kwa simu yake mpya, dakika 22, na jioni alipofika Voi akapata waifai nzuri akaipakia. Gigabaiti 3.7. WhatsApp inakubali faili ya gigabaiti 2 mwisho, kwa hivyo njia ilikuwa hiyo ya linki.

Jumapili shangazi akaifungua. Akakuta maandishi: video bado inachakatwa, jaribu baadaye. Jumatatu, maandishi yaleyale. Akanitumia ujumbe wa sauti, akinong'ona kwa sababu watoto wa nyumba walikuwa wamelala: "Mwanangu, hii kitu inaniambia baadaye. Baadaye ni lini?"

Swali la kwanza ninalouliza siku zote ni hili: je, inacheza kwenye simu iliyoirekodi? Faili ya video ina faharasa yake ndani, inayoeleza kila kipande kiko wapi, na simu nyingi huiandika mwishoni, ukishabonyeza kusimamisha. Simu ikizimika katikati ya kurekodi, faharasa haiandikwi, na hapo una gigabaiti nzima ambazo hakuna programu ya kawaida inayojua zinaanzia wapi. Nikampigia binamu. Ikacheza vizuri kwake, mwanzo hadi mwisho. Nikapumua. Nyanya yuko mzima, nilijiambia, na nikajishangaa kwa maneno niliyotumia.

Tukaendelea na yale ya kawaida. Linki ina ruhusa ya kila aliye nayo kuona? Ndiyo. Shangazi ameingia na akaunti mbili kwa simu moja? Ndiyo, yake na ile aliyofunguliwa kazini, na mara nyingi hapo ndipo mambo huchanganyika, hifadhi isijue inamwonyesha nani. Nikamwambia afungue ukurasa wa faragha wa kivinjari, aweke linki humo. Bado. Nikamwambia aruhusu vidakuzi, kwa sababu kichezaji cha video wakati mwingine kinakaa kwenye anwani tofauti na ya hifadhi yenyewe, na kivinjari kikizuia vidakuzi vya nje, kinabaki kinazunguka tu. Bado. Inachakatwa.

Hapa kuna jambo ambalo natamani kila mtu angelijua. Ukibonyeza video iliyo mtandaoni, aghalabu hutazami faili uliyopakia. Hifadhi inachukua faili yako na kutengeneza nakala nyepesi nyepesi, ya 360, ya 720, ya 1080, ili mwenye mtandao dhaifu apewe ndogo na mwenye mtandao mzuri apewe kubwa. Kuchakata ni hiyo kazi. Ikikwama, kilichokosekana ni nakala za kutazama. Faili yenyewe iko palepale, haijaguswa. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya video iliyogoma si kuipakia tena mara tano. Ni kuipakua.

Nikampigia hesabu. Waifai ya nyumba ile, upande wa chumba chake, ilikuwa inampa megabiti 2 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hivyo gigabaiti 3.7 zingechukua saa nne na zaidi. Doha na Nairobi saa ni moja, hilo lilitusaidia kupanga. Akaanza kupakua saa nne usiku, akaweka simu karibu na mlango mahali waifai inafika, akalala.

Alfajiri nikapata ujumbe wa sauti wa sekunde tisa. "Mwanangu. Mbona giza? Mlimzika usiku?"

Alikuwa anasikia kila kitu. Nyimbo, kasisi, baba akishukuru watu, majembe na udongo. Lakini kioo kilikuwa cheusi tangu mwanzo hadi mwisho, na alikuwa amekaa nayo dakika zote 22, akidhani picha itakuja.

Sauti ipo, picha hakuna. Ukiona dalili hiyo, jua kwamba mtandao hauna hatia. Faili ya video ni kama gunia lililobeba vitu viwili, picha na sauti, kila kimoja kimekunjwa kwa namna yake. MP4 ni jina la gunia tu, halikuambii ndani mmekunjwa vipi. Kwa miaka mingi picha zimekunjwa kwa mtindo unaoitwa H.264, uliotoka 2003, na karibu kila kifaa kinajua kuukunjua. Mwaka 2013 ukaja HEVC, ambao unaweza kutoa ubora uleule kwa karibu nusu ya ukubwa. Simu mpya nyingi za bei ya juu zinarekodi hivyo zenyewe, mwenye simu hata hajui. Lakini haki za HEVC zimeshikwa na makundi kadhaa yanayodai malipo, na hilo lilifanya vivinjari na vifaa vya bei nafuu vichelewe kuukubali. Kwa hivyo simu ya binamu ilikunja mazishi kwa namna ambayo simu ya shangazi haikufundishwa kukunjua. Sauti ilikuwa imekunjwa kwa mtindo wa kila siku, ikafunguka.

Nikamwambia aweke VLC. Ni ya bure, ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja Paris, na inakuja na ujuzi wake wa kukunjua karibu kila kitu, haingojei simu ijue. Picha ikaja, lakini kwa kukwama: uso wa mtu, kimya, halafu mgongo wa mtu mwingine. Binamu alikuwa amerekodi kwa 4K. Hiyo ni nukta 3,840 kwa 2,160, mara tisa ya picha ya 720 ambayo ingetosha kabisa kwa kioo cha simu ile. Prosesa ilikuwa inakimbizana na kitu isichokiweza.

Ikabaki mimi nimkunjie upya. Nikaipakua faili Nairobi, nikaiingiza kwenye HandBrake, nayo ya bure, nikachagua H.264, 720. Laptopu yangu ilipiga kelele hadi saa nane usiku.

Kupunguza video ni kutupa vitu. Programu inaamua kwamba jicho halitagundua majani yakiwa kijani cha aina moja, au kwamba nyuso za nyuma hazina haja ya kuwa na macho. Nililinganisha zote mbili kabla ya kutuma. Kwenye ya asili, jeneza likiwa wazi, unaweza kuona mistari ya kitambaa alichofungwa nyanya kichwani. Kwenye ndogo, kitambaa ni rangi tu. Nikaongeza ubora kidogo, nikarudia kazi yote. Ikatoka megabaiti 540. Mistari ilionekana, si yote. Nikaikata vipande vinne ili mtandao ukikatika asianze upya, nikavituma WhatsApp kama faili, si kama video, maana ukituma kama video WhatsApp nayo inaipunguza mara ya pili.

Shangazi alitazama Jumatano usiku. Aliniuliza maswali, na hakuna hata moja lililohusu kitambaa. Nani alishika upande wa mbele wa jeneza? Kwa nini kaburi linaangalia barabara? Yule mama wa sweta ya bluu anayelia kuliko wafiwa ni nani? Nikamjibu nilichojua, mengine nikampigia baba. Tulikaa hivyo hadi karibu saa saba, yeye akisimamisha video, mimi nikieleza, kama watu wawili waliokaa kwenye ua mmoja baada ya wageni kuondoka.

Ya asili sasa iko sehemu tatu: kwenye hifadhi, kwenye diski yangu, na kwenye flashi iliyofungwa kwa leso ndani ya kabati la baba. Binamu ameenda kwenye mipangilio ya kamera akabadilisha fomati, achague ile inayokubaliwa na vifaa vingi.

Wiki iliyopita nilikuwa nasafisha simu nikamkumbusha shangazi naye afute ile faili kubwa, inamlia nafasi bure na haichezi. Akasema hataki. Ile ya giza, alisema, huwa anaiwasha akipiga pasi, simu ikiwa mfukoni. Anaijua yote sasa. Akisikia jembe la kwanza, anajua zimebaki dakika sita.