Pilau ya Wauzbeki na Barua ya Babu



Ndugu wasomaji, hivi karibuni tulikwenda New York kumzuru binti yetu. Jioni ya Jumamosi akatupeleka, sisi na mama watoto pamoja na mjukuu wetu wa miaka kumi, katika mkahawa mdogo wa Wauzbeki huko Brooklyn. Meza hazikuzidi nane, na ukutani yalitundikwa mazulia na sahani za rangi ya buluu. Tuliuliza kwanza habari ya nyama, kama ipasavyo. Tulipoambiwa kuwa ni halali, na kwamba pombe haiuzwi humo, tuliketi kwa raha.

Ulianza kuletwa mkate, ambao wao huuita "non". Ni wa duara, umeokwa kwa kubandikwa katika ukuta wa tanuri la udongo, na katikati umepigwa muhuri wa sindano uliochora ua. Mwenye mkahawa, mzee wa rika letu, aliumega kwa mikono yake. Kwao mkate haulazwi kifudifudi, maana ni kuuvunjia heshima. Kisha chai ya kijani: aliimimina katika kibakuli na kuirudisha birini mara tatu, ndipo akatupa, tena kidogo kidogo, ili apate sababu ya kutuongeza. Wenzetu walioko Oman watakumbuka kahawa ya huko. Ikafuata "samsa", ambayo kwa jina na umbo ni ndugu ya sambusa yetu, ila haikaangwi bali huokwa.

Mwisho ikaja pilau, ambayo wao huiita "palov" au "osh". Nyama ya kondoo hukaangwa katika chungu kizito cha chuma, vikafuata vitunguu, karoti nyingi zilizokatwa vijiti, na bizari ya pilau. Mchele hutandazwa juu bila kukorogwa, na vitunguu saumu hufukiwa ndani vikiwa vizima. Hakuna mdalasini, wala iliki, wala karafuu. Mjukuu wetu alinong'ona, kwa Kiingereza, kwamba hii siyo pilau. Bibi yake akamjibu, "Kula kwanza, mwanangu, ndipo useme." Alikula sahani mbili.

Tulipokuwa tukinawa mikono tuliona ukutani karatasi kuukuu ndani ya fremu, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mzee yule alitueleza kuwa ni barua ya babu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya Kisovieti iliziondoa herufi hizo, ikaleta za Kilatini. Na mwaka 1940 ikaleta za Kirusi. Kwa hiyo babu aliandika kwa herufi moja, baba akafunzwa nyingine shuleni, na yeye mwenyewe nyingine tena. Barua ameitunza miaka yote, lakini hawezi kuisoma.

Sisi tulisoma chuoni utotoni, tukajaribu kuitamka neno kwa neno, kwa kusitasita. Tuliyatambua machache tu: salamu, kitabu, dua. Mengine tuliyatamka tusiyaelewe. Lakini yeye aliyaelewa, na akatuomba turudie mstari wa mwanzo mara ya pili, kisha ya tatu. Alipokwisha kusikiliza aliinua mikono, akaomba dua na kujipangusa uso, nasi tukaitikia amina.

Njiani mjukuu wetu aliuliza, "Babu, sisi tuna barua kama ile?"

Ndugu wasomaji, swali hilo lilitutia haya. Tunazo. Marehemu mama yetu hakuingia skuli ya serikali. Alijua herufi za chuoni tu, na kwa herufi hizo alituandikia barua za Kiswahili tangu tulipoondoka nyumbani hadi alipofariki. Zimo sandukuni chini ya kitanda. Wajukuu wake hawawezi kuzisoma, na hata tukiwasomea, hawataelewa nusu yake. Sisi tuliokula mshahara wa ualimu kwa miaka mingi, tukiwafunza watoto wa watu lugha hiyo hiyo!

Yule mzee ana udhuru: herufi za babu yake ziliondolewa kwa amri ya serikali. Sisi hakuna aliyetukataza. Mtoto alipotujibu kwa Kiingereza, nasi tulimjibu kwa Kiingereza, kwa kuwa ilikuwa wepesi kwetu na tulikuwa tumechoka. Jambo limepotea hivyo, kidogo kidogo, mezani petu wenyewe.

Tangu turejee, kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tunampigia simu mjukuu wetu, tukamsomea mistari mitatu ya barua za bibi yake mkuu. Yeye huirudia, nasi humweleza maana. Wiki iliyopita alicheka peke yake, kabla hatujamweleza, alipofika mahali mama anapolalamika juu ya mbuzi wa jirani. Alhamdulillahi, kicheko kile kilitutosha.

Basi mkifika Brooklyn, watafuteni Wauzbeki mle pilau yao, ni tamu. Na mkirudi nyumbani, fungueni masanduku.

Wabillahi tawfiq.