Ukweli na Ganzi

Msomaji, maumivu ya jicho huogopwa kuliko ya kiungo kingine, kwa kuwa jicho huiona sindano inayolijia. Hofu hiyo ilimfunga mama yangu kwa miaka mitatu. Alikuwa akiuza maharagwe katika soko la Gakoromone, mjini Meru. Mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili, alianza kuwatambua wateja kwa sauti na noti kwa vidole. Kila nilipomtajia upasuaji alijibu, "Mwanangu, afadhali giza nililolizoea."

Mimi mwalimu, nisiyewavumilia wanafunzi waongo, nilimshawishi kwa uongo. Nilimwambia kuwa hatasikia maumivu hata kidogo. Siku ilipofika alitiwa matone, kisha akachomwa sindano ya ganzi kando ya jicho. Alishtuka, akainuka kitandani, akaniita: "Kama umenificha hili, umenificha na lipi jingine?" Akataka kurudi nyumbani.

Muuguzi alimshika mkono akamwambia, "Mama, sindano ndiyo yenye uchungu, nayo imekwisha. Hutalala. Utaona mwanga, utasikia sauti zetu, utahisi kuguswa. Ukiumia, sema tuongeze dawa. Ila usitikise kichwa." Mama akalala tena, akatulia mpaka mwisho.

Ganzi hiyo ina historia fupi. Nusukaputi ya etha ilijulikana tangu mwaka 1846, walakini kutapika baada yake kuliweza kufumua kidonda cha jicho. Kwa hiyo wagonjwa wengi walipasuliwa wakisikia kila kitu, huku wameshikwa kwa nguvu. Mwaka 1884, daktari kijana wa Vienna, Carl Koller, alidondosha maji ya kokeini katika jicho la chura, kisha katika jicho lake mwenyewe, akaligusa kwa pini asisikie uchungu. Aliahidi alilolijua. Baadaye zilipatikana dawa zilizo salama zaidi, kama lidokeini. Na watoto wadogo, wasioweza kutulia, hupewa nusukaputi.

Bendeji ilipofunguliwa kesho yake, mama alinitazama kwa muda mrefu. "Nitarudi kwa jicho la pili," alisema, "lakini safari hiyo niambie ukweli."

Basi, msomaji, ukimpeleka mzazi wako kwa daktari, usimfiche uchungu ulio mdogo, asije akauogopa ule usiokuwapo. Dawa huondoa maumivu ya jicho. Hofu ya moyo huondolewa na neno la kweli.