Mikorosho Kumi na Minne

Binamu yangu anataka tung'oe mikorosho kumi na minne ya marehemu bibi kule Newala, alime nyanya za kiangazi. Bomba limefika karibu na shamba, anasema, sasa tatizo liko wapi? Mjomba, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye neno la mwisho, ameniomba maoni. Basi nikarudi vitabuni.

Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, ana mengi ya kumuudhi mtu wa kwetu. Lakini aliona kwamba watu wanaishi juu na maji yako chini. Aliandika pia simulizi ya Wamakonde: watoto waliozaliwa karibu na maji hawakuishi, aliyezaliwa juu akaishi, ndipo wazee wakausia tusijenge mabondeni. Leo tungesema malaria. Gharama ya wosia huo ililipwa na shingo za wanawake, waliopanda ule mteremko na maji kichwani.

Na si kwamba Newala hakuna mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili inanyesha haswa. Ila ule mchanga, jamani! Mvua ikikatika, muda si mrefu unatembea bila kuchafua viatu. Maji yameshazama, yataibukia kwenye chemchemi za chini. Kwa kawaida mita moja ya udongo wa kichanga humwekea mmea milimita 60 hadi 100 tu za maji. Nyanya, yenye mizizi mingi karibu na juu, itataka kumwagiliwa kidogo kidogo, karibu kila siku. Ukimwaga mengi kwa mpigo, yanashuka na mbolea yako. Mkorosho unayafuata huko huko yalikokimbilia, na unatoa maua kiangazi, wakati kila kitu kimekauka.

Halafu hayo ya bomba: tangu mradi wa miaka ya 1950, maji ya juu kule yanasukumwa kwa mashine kutoka bondeni. Kuyapandisha kote huko ili mchanga uyarudishe chini, mimi naona ni kichekesho.

Nikamwandikia Mjomba: miti ibaki, nyanya zikalimwe kwenye bustani ya kukodi bondeni, nitachangia kodi.

Binamu akanitumia ujumbe wa sauti. "Kaka, wewe uko Dar. Mwaka ambao korosho haina bei, unakula kivuli?"

Hapo kanibana. Mjomba bado hajajibu.