Webuye, Mji Ulioinuliwa na Karatasi

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Malaba, akiisha kuupita msitu wa Turbo, huteremka polepole kutoka nchi ya juu yenye baridi mpaka afike karibu na mahali ambapo mto Nzoia waanguka juu ya majabali kwa kishindo. Maporomoko hayo huitwa Nabuyole. Hapo jirani ndipo ulipo mji wa Webuye, katika kaunti ya Bungoma. Watu wa mbali wakiutaja mji huu, neno la kwanza kinywani mwao si soko wala stesheni, bali ni kiwanda cha karatasi. Na kwa kweli habari za mji haziwezi kutengwa na habari za kiwanda hicho.

Nchi hii ni ya Wabukusu na Watachoni tangu zamani. Juu ya kilima cha Chetambe, kilicho karibu na mji, palikuwa na boma lililozungukwa na handaki, na katika mwaka 1895 wenyeji walipigana humo na jeshi lililotumwa na Waingereza. Walikuwa mashujaa, lakini mikuki haikuweza kushindana na bunduki, na watu wengi waliuawa. Katika miaka ya 1920 reli ya kwenda Uganda ilipitishwa katika nchi hiyo, na stesheni ikapewa jina la Broderick Falls. Jina hilo la kigeni lilidumu mpaka baada ya Uhuru. Siku hizo mji ulikuwa mdogo: maduka machache, maghala ya mahindi, na watu wakingoja gari la moshi.

Kutumia nguvu ya mto halikuwa jambo geni kwa watu wa magharibi. Katika miaka ya 1930 wenyeji wengi wa Kavirondo walijenga vinu vya maji kando ya mito, wakasaga mahindi yao na ya jirani zao kwa malipo madogo. Lakini mtambo uliokuja Webuye ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Mwaka 1969 Serikali ya Kenya iliungana na kampuni ya Orient Paper Mills ya India, pamoja na shirika la fedha la Benki ya Dunia, wakaanzisha Pan African Paper Mills, ambayo watu huiita Panpaper. Kiwanda kilianza kutoa karatasi mwaka 1974. Mahali palifaa sana, kwa kuwa maji ya Nzoia yalikuwa tele, reli na barabara zilikuwa mlangoni, na nchi ya juu iliyo jirani hustawisha misonobari na saiprasi, miti ambayo nyuzi zake ndefu hufanya karatasi imara.

Kazi yenyewe yastahili kuelezwa, maana watu wengi huandika juu ya karatasi kila siku bila kujua itokako. Magogo hukatwakatwa yakawa vipande vidogo, kisha vipande hupikwa ndani ya pipa kubwa la chuma kwa moto mkali, pamoja na dawa za magadi na salfa. Dawa hizo huyeyusha ile gundi ya asili ishikayo nyuzi za mti, na nyuzi hubaki kama uji. Uji huo huoshwa kwa maji mengi, hutandazwa juu ya wavu upitao mbio, hukamuliwa, hukaushwa kwa magurudumu yenye joto, na mwisho hukunjwa kuwa marobota makubwa. Kiwandani Webuye zilitoka karatasi za kuandikia na kuchapia, karatasi za magazeti, na karatasi ngumu za kufungia bidhaa.

Kwa miaka mingi baada ya hapo mji ulineemeka. Watu zaidi ya 1,000 waliandikwa kazi kiwandani, na wengine wengi walipata riziki kwa kukata miti, kuendesha malori, kupika chakula na kupangisha vyumba. Mwisho wa mwezi wenye maduka walijua kwamba madeni yatalipwa. Karo za shule zilitoka katika mishahara hiyo, na vijana walitoka vijijini kuja kutafuta kazi mlangoni.

Hata hivyo neema hiyo ilikuwa na gharama zake. Harufu kama ya yai viza ilitanda juu ya mji, na kwa upepo ikafika mbali. Wenyeji walilalamika kwamba mabati ya nyumba zao yaliliwa na kutu kabla ya wakati wake, na kwamba vifua viliwauma. Maji machafu ya kiwanda yaliingia mtoni, na mto huo huo huendelea kushuka mpaka Budalangi na Ziwa Victoria, ukiwahudumia watu wasiopata hata senti moja ya mshahara wa Webuye. Wengi walinyamaza, kwa sababu mtu hawezi kuusema vibaya mkono umlishao.

Lakini mkono huo ulidhoofika. Kupika miti kwahitaji mafuta na umeme mwingi, na bei zake zilipanda. Karatasi za nchi za nje ziliingia sokoni kwa bei nafuu. Madeni yalikua, yakiwamo ya umeme, na mapema mwaka 2009 mitambo ilisimama. Serikali ilijaribu kuiwasha tena baadaye, lakini kazi haikudumu. Ndipo vyumba vya kupanga vilipobaki wazi, maduka yakafungwa moja baada ya jingine, na wazee waliokuwa mafundi wakakaa wakihesabu miezi ya malipo yao ambayo hayakuja. Mwaka 2016 kiwanda kiliuzwa kwa kundi la makampuni la Rai kwa shilingi milioni 900, na kikapewa jina la Rai Paper. Kuuzwa huko kulirudisha tumaini, ila mji haukurudi kuwa kama ulivyokuwa zamani.

Yafaa kutazama ni nani waliostahimili miaka ile mibaya. Mfanyakazi aliyekuwa na shamba nyumbani, aliyempelekea mkewe mbegu na mbolea kila msimu, alirudi akakuta mahindi, maharagwe na ndizi. Yule aliyekula mshahara wote mjini, akidhani mlango wa kiwanda hautafungwa kamwe, alirudi mikono mitupu au hakuwa na pa kurudi. Wengine walinunua pikipiki wakawa wachukuzi, na wengine wakauza mboga na nguo kuukuu kando ya barabara.

Barabara ndiyo iliyouokoa mji usife kabisa. Webuye ni njia panda: ile itokayo Nairobi kwenda Malaba hukutana hapo na ile itokayo Kisumu na Kakamega kwenda Kitale. Malori ya Uganda hupita usiku na mchana, na madereva hula na kulala. Wakulima wa mahindi na miwa huja mjini kwa haja zao, wagonjwa huja hospitali, na watoto huenda shule. Huo si utajiri wa kiwanda, lakini ni riziki isiyoweza kuzimwa kwa siku moja na mtu mmoja.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kiwanda si kitu cha kukataliwa, na wenyeji wa Webuye wana haki ya kutamani kazi, mradi mto na mapafu ya watu visiwe ndivyo vinavyolipa. Bali mshahara ni wa kujengea, wala si wa kuegemea. Msonobari huchukua miaka kumi na mitano au zaidi kabla ya kufaa kwa karatasi, na hauzuii mkulima kuvuna mahindi katika shamba lililo kando yake. Mwenye kipande cha kilimani kisichofaa kulimwa na apande miti leo. Kiwanda kikistawi, kitainunua. Kisipostawi, mbao na kuni zina wanunuzi siku zote, na mti utakuwa wake.