Sijda ilipokuwa mtihani: Nilivyoishi na kizunguzungu nikakificha

Asubuhi moja mwaka juzi, imamu wetu akiwa safarini, niliombwa niswalishe Alfajiri. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti na ni mhitimu wa chuo cha Kiislamu, hivyo kusimama mbele ya jamaa si jambo geni kwangu. Rakaa ya kwanza ilikwenda salama hadi sijda ya pili. Nilipoweka paji la uso chini, msikiti mzima ulizunguka. Sisemi kwamba nilijihisi mwepesi kama mtu aliyeshinda na njaa. Nasema nguzo, mkeka na taa vilizunguka kama pia. Maamuma walikuwa nyuma yangu wakingojea takbira. Nilipojaribu kuinuka, nilianguka ubavu.

Mzee mmoja wa safu ya kwanza, mtu mwenye elimu yake, alisogea mbele akaikamilisha swala. Siku ile nilielewa kwa macho yangu kwa nini tunafundishwa kwamba wenye elimu ndio wasimame nyuma ya imamu.

Ndugu msomaji, ile haikuwa mara ya kwanza. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikigeuka kitandani upande wa kulia, na chumba kinazunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha kinatulia na kuniachia kichefuchefu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na umri wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, na nilijiambia kwamba maradhi ya namna hii ni ya wazee.

Baada ya tukio la Alfajiri nilikwenda zahanati. Niliulizwa nasumbuliwa na nini, nikajibu neno moja: kizunguzungu. Nikapimwa presha, ikawa sawa. Nikapimwa wingi wa damu na malaria, havikuonekana na tatizo. Nikapewa vidonge, ambavyo vilinilaza usingizi mchana wote lakini havikuzuia chumba kuzunguka usiku. Simlaumu aliyenitibu. Lugha yetu hulitumia neno hilo moja kwa mengi: njaa, upungufu wa damu, presha inayoshuka mtu anaposimama ghafla, na hali hii ya kuona dunia inazunguka. Nilimpa neno bila maelezo, naye akalitibu neno.

Mtaani, maneno yalikuwa mengine. Wapo waliosema ni jini, na wapo waliosema ni hasadi kwa sababu ya fedha za kisima cha msikiti zilizokuwa zikipitia mikononi mwa kamati. Shangazi yangu aliniletea maji yaliyosomewa Qur'an, nikayanywa na kumshukuru. Aliponitaka twende kwa mganga wa kupunga pepo, nilimwambia, "Nisamehe shangazi, huko siendi." Akaondoka amenuna, na mimi nikabaki sina tiba yoyote.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Nilianza kuukimbia msikiti. Alfajiri nikawa naswali nyumbani, nimekaa, mlango umefungwa ili watoto wasinione. Nilipotakiwa kuswalisha, nilitoa udhuru wa safari ambayo haikuwapo. Niliona haya mhitimu wa chuo, mtu wa makamo ya ujana, kuonekana juu ya kiti huku wazee wa miaka 70 wakisujudu chini.

Usiku mmoja baada ya Isha, imamu alibisha hodi nyumbani. Alikataa chai. Akasema, "Katibu, kama kuna neno langu lililokuudhi, niambie nikuombe radhi. Jamaa wananiuliza tumegombana nini."

Nilitamani ardhi inimeze. Kimya changu kilikuwa kimemfanya mtu mwema ajidhanie kosa ambalo hakulitenda. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanikumbusha kisa ambacho mimi mwenyewe huwafundisha watoto madrasa: Sahaba Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, naye akamwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, na asipoweza, kwa ubavu. "Ruhusa hii unawafundisha watoto," imamu akasema, "wewe mwenyewe unaionea haya?" Akaongeza kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaamuru watu watafute tiba, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Mke wangu alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia. Imamu alipoondoka, aliniambia, "Baba watoto, mimi nimekuangalia siku nyingi. Ukisimama mchana kutwa huzunguki. Unazunguka ukilalia kulia, ukiinama, au ukitazama juu kuchukua kitabu." Akachukua daftari langu la mihtasari ya kamati, akafungua ukurasa mtupu. Kwa siku kumi aliandika tarehe, saa, nilichokuwa nikifanya na muda uliopita. Mimi ninayeandika habari za mikutano ya watu wote sikuwa nimewahi kuandika habari ya mwili wangu.

Tulikwenda na daftari lile kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa. Alilisoma, kisha akaniuliza kama niliwahi kuumia kichwa. Nikakumbuka kwamba miezi mitatu kabla ya yote hayo nilianguka kwenye bodaboda nikagonga kichwa. Kwa kuwa sikutoka damu, nilikuwa nimeshalisahau.

Alinikalisha kitandani, akakigeuza kichwa changu upande wa kulia, kisha akanilaza haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. Baada ya sekunde chache dunia ilizunguka, nami nikamshika mkono kwa nguvu. Yeye alikuwa akitazama macho yangu, jinsi mboni zilivyokuwa zikirukaruka. Akasema, "Tatizo nimeliona."

Alitueleza kwamba ndani kabisa ya kila sikio kuna mifereji mitatu yenye maji, ambayo huujulisha ubongo kichwa kinageukia wapi. Karibu yake kuna chembe ndogo sana za chokaa. Chembe hizo zikibanduka, kwa uzee, kwa pigo la kichwa au hata bila sababu inayojulikana, zinaweza kuingia kwenye mfereji. Kila kichwa kinapobadili mkao, chembe husogea, maji hutikisika, na ubongo hudanganyika kwamba mwili unazunguka. Robert Bárány, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wa kiungo hiki cha mizani ya mwili, aliielezea hali hii mwaka 1921. Mwaka 1992 daktari wa Marekani, John Epley, alichapisha njia ya kuzirudisha chembe mahali pake bila kisu wala kidonge.

Njia hiyo ndiyo niliyofanyiwa. Kutoka mkao ule wa kulia, kichwa kiligeuzwa kushoto taratibu. Kisha nikalala ubavu wa kushoto uso ukielekea sakafuni. Kisha nikainuliwa nikakaa. Kila mkao tulingoja hadi mzunguko ukome. Haikufika robo saa. Nilitoka nimemshika mke wangu mkono, na siku mbili baadaye nikasujudu Alfajiri msikitini. Sikumbuki sijda niliyoirefusha kama ile.

Nisikufiche, msomaji: maradhi haya hurudi. Ramadhani iliyofuata yalinirudia katikati ya Tarawehe. Safari hii sikukimbia. Nilivuta kiti mwishoni mwa safu, nikaashiria rukuu kwa kichwa na sijda kwa kuinama zaidi kidogo, na asubuhi nikarudi hospitali. Daktari alirudia tiba ile na kutufundisha namna ya kuifanya nyumbani. Sasa naamka kitandani kwa awamu, sipandi ngazi kubadilisha taa za msikiti, na nikiwa na dalili sishiki pikipiki.

Naomba pia tusichanganye mambo. Si kila kizunguzungu ni hiki changu. Kikiambatana na ulimi mzito, uso kupinda, mkono au mguu kukosa nguvu, kuona vitu viwili viwili, maumivu makali ya ghafla ya kichwa au kushindwa kutembea, huenda ni kiharusi. Hapo usiandike daftari wala usingoje kesho. Mkimbize mgonjwa hospitali.

Kamati yetu imeweka viti vinne mwishoni mwa safu, na imamu ametangaza kwamba hakuna haja ya kumuuliza mtu kwa nini amekaa. Huenda aliyekaa pale anaonekana mzima kuliko wewe. Na wewe unayeswali nyumbani mlango umefungwa, ukiuficha ugonjwa wako hata kwa mwenzio wa ndani, mwambie leo. Yangu yaliyonitesa miezi, mke wangu aliyaona kwa sababu alitazama.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowauguza. Amin.